Mkulima wa Bukundi na soko halali la bangi

Bukundi iko kusini mwa wilaya ya Meatu, mkoani Simiyu, upande unaoteremka kuelekea bonde la Mto Sibiti. Watu wa huko hulima pamba, mtama, mahindi na dengu, hufuga ng'ombe na mbuzi, na mvua ikikatika mapema, vyote hivyo huyumba kwa pamoja. Mahali kama hapo, habari ya zao linalouzwa kwa gramu badala ya kilo haipiti bila kusikilizwa. Kijana mwenye simu anaona video za Wakanada ndani ya vitalu nyumba, anasoma kwamba Ujerumani imeruhusu, anaambiwa kwamba Lesotho na Rwanda zimeshatoa leseni, halafu anauliza swali la haki kabisa: kwa nini wao, sisi tusilime?

Swali hilo linastahili jibu la hesabu kabla ya jibu la maadili. Nimeona watu wengi wakilijibu kwa kukemea tu, na mkulima aliyeuza pamba kwa hasara hakemewi akashiba. Tuitazame basi biashara yenyewe ilivyoenda tangu ilipohalalishwa: nani ananunua, ananunua nini, bei imefika wapi, na fedha imebaki mfukoni mwa nani.

Kwanza sheria, ili pasiwe na utata. Tanzania haina soko halali la bangi. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kumiliki, kusafirisha, kuuza na kutumia, na vifungo vyake hufika miaka 30 na hata maisha. Mirungi imo humo humo, ingawa ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, ni zao la biashara linalouzwa mchana kweupe. Kwa mwaka 2023 pekee, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata dawa zenye uzito wa karibu kilo milioni mbili, na sehemu kubwa kabisa ilikuwa bangi. Takwimu hiyo inaonyesha ukali wa dola, lakini inaonyesha pia kwamba zao lipo, wanunuzi wapo, na kwamba Tarime, Arumeru na Morogoro kuna wakulima waliokwisha kupiga hesabu yao kimyakimya. Ninayoyasema hapa yanahusu masoko ya wenzetu, na jambo ambalo lingetukuta kama lango lingefunguliwa.

Uruguay ilipitisha sheria ya kuhalalisha bangi mwishoni mwa mwaka 2013. Colorado ilifungua maduka tarehe 1 Januari 2014. Canada ikawa nchi kubwa ya kwanza kuruhusu matumizi ya starehe kitaifa, tarehe 17 Oktoba 2018. Ujerumani ilifuata tarehe 1 Aprili 2024, kwa tahadhari: mtu mzima aliruhusiwa kubeba gramu 25, kupanda miche mitatu nyumbani, na kujiunga na klabu ya wakulima, lakini duka la mtaani halikuruhusiwa. Marekani, majimbo 24 yameruhusu starehe huku serikali kuu ikiendelea kukataza, jambo linalofanya bangi ya Oregon isiweze kuvuka kihalali kwenda jimbo la jirani, hata liwe na njaa nayo kiasi gani.

Katika miaka ya kwanza kila mtu alikimbilia kulima. Mabenki na masoko ya hisa ya Toronto yalimwaga fedha. Kampuni ya pombe ya Constellation Brands iliweka dola za Canada bilioni 5 katika Canopy Growth mwaka 2018, kwa matumaini kwamba watu wangehama kutoka bia kwenda vinywaji vyenye bangi. Hawakuhama. Vitalu nyumba vilijengwa vingi kuliko vinywa vya kuvuta, na mwaka 2021 wazalishaji wa Canada waliteketeza tani 425 za bangi kavu isiyonunuliwa. Mwaka 2023 Canopy iliuza kiwanda chake cha Smiths Falls, kikarudi kwa mwenyewe wa zamani, kampuni ya chokoleti ya Hershey.

Bei ilianguka kila ilipohalalishwa, na sababu yake haina fumbo. Bei kubwa ya bangi ya magendo hailipi jani. Inalipa hatari ya kukamatwa, hongo, siri na watu wengi wa kati. Ukiondoa hatari hiyo, kinachobaki ni mmea unaoota kwa urahisi, na mmea unaoota kwa urahisi hauwezi kushika bei ya dhahabu. Colorado iliuza bangi ya takriban dola bilioni 2.2 mwaka 2021. Mwaka 2023 mauzo yalishuka hadi kama bilioni 1.5, wakati majirani nao walipofungua maduka yao na bei ya jumla ikaporomoka. Canada iliweka ushuru wa dola 1 kwa kila gramu au asilimia 10 ya bei, kiasi kitakachokuwa kikubwa. Ushuru huo ulikuwa mwepesi gramu ilipokuwa ghali. Gramu iliposhuka bei, dola ileile moja ikawa mzigo unaomvunja mgongo mkulima mdogo, na wengi wakashindwa kuulipa. California ililazimika kufuta kodi ya shamba mwaka 2022 kwa sababu mnunuzi aliona magendo bado ni nafuu.

Wahubiri wengi wa utajiri wa bangi wanakosea hapo. Wanachukua bei ya kete iliyokatazwa, wanaizidisha kwa eka zilizoruhusiwa. Bei hizo mbili haziwezi kuishi pamoja.

Upande wa mnunuzi nao umebadilika, na mabadiliko hayo ndiyo yanayoamua mkulima atalipwa nini. Kabla ya sheria, mnunuzi wa Canada alichukua alichopewa na muuzaji wa uchochoroni. Sasa anasoma lebo. Utafiti wa serikali ya Canada wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba takriban watumiaji 7 kati ya 10 hununua kwenye chanzo halali, hatua kubwa kwa miaka mitano. Mtu huyu anataka ajue asilimia ya THC, ile kemikali inayolevya. Anataka misokoto iliyokwisha kufungwa kiwandani, sigara za kielektroniki zenye mafuta ya bangi, pipi, biskuti na matone ya kudondosha chini ya ulimi. Majani makavu bado yanauzwa, lakini sehemu yake sokoni inapungua mwaka hadi mwaka. Thamani imehama kutoka shambani kwenda maabara na kiwandani, kwenye kukamua, kupima, kufungasha na kutangaza.

Nguvu ya kitu chenyewe imepanda pia. Bangi iliyokamatwa na serikali ya Marekani katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa na THC ya wastani wa asilimia 4. Leo katika maduka ya Canada asilimia 20 ni kitu cha kawaida, na mafuta ya sigara za kielektroniki hupita mbali zaidi. Anayesema mbele ya vijana kwamba "babu zetu walivuta na hawakufa" anazungumzia kitu kingine kabisa.

Kisha kuna jambo ambalo wenye maduka hawapendi kulitangaza. Mtafiti Jonathan Caulkins wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alichapisha mwaka 2024 makadirio kwamba, kufikia 2022, Wamarekani wapatao milioni 17.7 walitumia bangi kila siku au karibu kila siku, wakiwapita wanaokunywa pombe kwa kiwango hicho, milioni 14.7. Mwaka 1992 watumiaji wa namna hiyo hawakufika milioni moja. Biashara hii haiishi kwa yule anayeonja mara mbili kwa mwaka. Inaishi kwa anayetumia asubuhi na jioni, na duka linalotaka kukua lina sababu ya kumfanya mteja wa kwanza awe wa pili. Kwa watoto, mabadiliko ya bidhaa yameleta hatari ambayo moshi haukuwa nayo: pipi ni pipi machoni pa mtoto. Marekani, taarifa za watoto wa chini ya miaka sita kula vyakula vyenye bangi kwa bahati mbaya ziliruka kutoka 207 mwaka 2017 hadi 3,054 mwaka 2021. Ndiyo maana Canada iliweka kikomo cha miligramu 10 za THC kwa kifungashio kizima cha chakula, na vifungashio vigumu kwa mtoto kuvifungua. Hapa kwetu Mamlaka imeshatoa tahadhari juu ya biskuti zenye bangi na juu ya skanka, ile bangi kali. Mitindo ya matumizi husafiri hata pale sheria isiposafiri, nasi tunayapokea madhara ya soko hilo bila lebo, bila kikomo na bila maabara.

Turudi Afrika, kwa sababu mfano wa Canada uko mbali na Meatu.

Lesotho ilitoa leseni ya kwanza ya bangi ya dawa barani mwaka 2017. Nchi ile ilikuwa na wakulima wadogo wa milimani waliolima bangi kwa vizazi na kuiuza kimagendo Afrika Kusini. Walitarajia zamu yao imefika. Leseni zilikwenda kwa kampuni zenye mtaji wa nje, zilizojenga vitalu nyumba nyuma ya uzio wa umeme. Canopy Growth ilinunua kampuni ya huko mwaka 2018, na Aprili 2020 ikatangaza kuondoka, hesabu zake zilipoharibika Canada. MG Health ilipata ithibati ya ubora wa Umoja wa Ulaya mwaka 2021, mafanikio ya kweli yanayostahili pongezi, lakini ni mafanikio ya kiwanda. Mkulima wa milimani anabaki kuwa kibarua ikiwa ana bahati.

Zimbabwe ilianza mwaka 2018 na ada ya leseni ya dola 50,000. Malawi ilipitisha sheria Februari 2020, na ada ya kulima bangi ya dawa iliwekwa kwenye dola 10,000. Zigeuze fedha hizo ziwe shilingi, kisha zigawe kwa bei ya kilo ya pamba, uone ni familia ngapi za Bukundi zingepaswa kuungana na kuuza kila walichovuna ili wapate karatasi tu, kabla ya mbegu. Rwanda ilichagua njia nyingine: baraza la mawaziri liliruhusu mwaka 2020 kilimo cha dawa kwa ajili ya kuuza nje peke yake, na amri ya wizara ya mwaka 2021 ikataka ulinzi mkali, huku matumizi ya ndani yakibaki kuwa kosa. Ni sera inayoeleweka, na imefungwa kwa mwenye jembe. Kenya bado inakataza. Hoja ilipelekwa kwa wapiga kura na mgombea urais George Wajackoyah mwaka 2022, akaahidi kulipa deni la taifa kwa bangi, akapata kura 61,969, chini ya nusu asilimia.

Afrika Kusini ndiko kuna funzo chungu kuliko yote. Mahakama ya Katiba iliamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima anaweza kutumia na kupanda faraghani, na sheria ya kutekeleza uamuzi huo ikasainiwa na Rais Ramaphosa Mei 2024. Biashara ya starehe haikuruhusiwa. Matokeo yake, watu wa mijini walianza kupanda wenyewe ndani ya nyumba na kwenye vitalu, wakapata bangi kali na safi, na wakulima wa Mpondoland katika Eastern Cape, waliolisha nchi nzima kwa miongo kwa bangi ya shamba la wazi, wakaona wanunuzi wao wakipotea. Uhuru wa mtumiaji uliwafukarisha wazalishaji maskini waliobeba hatari yote wakati wa katazo. Sheria ile haikuwatazama hata kidogo.

Sasa ziweke hesabu hizo juu ya udongo wa Meatu.

Simiyu inaongoza kwa pamba nchini; miaka mingi karibu nusu ya pamba yote ya Tanzania hutoka huku. Mkulima wake hahitaji profesa wa kumfundisha maana ya bei ya dunia. Mwaka 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, soko la dunia likashuka, wanunuzi wakasita, na watu waliokwisha kupeleka pamba yao AMCOS, ushirika wao wa mazao, wakakaa miezi wakisubiri malipo. Msimu wa 2020 bei ilianza kwa shilingi 810. Miaka miwili baadaye ikapita 1,500, watu wakaongeza eka, ikashuka tena. Hilo ni zao lenye bodi yake, ushirika wake, vinu vyake na historia ndefu. Bangi halali ina bei inayoyumba zaidi, haina bodi, na wanunuzi wake wa dawa ni wachache mno. Ujerumani, soko kubwa la Ulaya, iliingiza tani 32 hivi mwaka 2023 na kama 72 mwaka 2024, sehemu kubwa ikitoka Canada na Ureno. Tani 72 kwa taifa la watu milioni 80 na ushei! AMCOS moja yenye msimu mzuri inaweza kupitisha pamba nyingi kuliko hiyo kwenye mizani yake. Hakuna nafasi pale kwa maelfu ya wakulima wa Kanda ya Ziwa.

Na bangi ya dawa haitaki mvua. Inataka maji yaliyopimwa, kivuli kilichopimwa, joto lililopimwa, na umeme usiokatika kwenye chumba cha kukaushia. Ukungu kidogo, chembe za kiuatilifu, vumbi lenye madini mazito, shehena nzima inakataliwa bandarini. Waliowahi kukaa kwenye kituo cha kununulia pamba wanajua vita vya miaka mingi dhidi ya maji na mchanga ndani ya marobota, mbinu ya kuongeza uzito iliyoshusha jina la pamba yetu. Mnunuzi wa nyuzi alipunguza bei akaendelea kununua. Mnunuzi wa dawa hatanunua kabisa, wala hatarudi.

Wapo wanaosema basi tuanze na hempu, bangi ya nyuzi na mbegu yenye THC isiyozidi asilimia 0.3. Hoja hii ina uzito zaidi, kwa sababu hempu hulimwa shamba la wazi. Lakini Marekani ilipoihalalisha Desemba 2018, wakulima wa tumbaku wa Kentucky waliikimbilia kwa ajili ya CBD, ile kemikali isiyolevya, na ndani ya misimu miwili bei ilikuwa imeanguka kiasi kwamba wengine waliacha mazao yaozee shambani. GenCanna, kampuni kubwa ya jimbo hilo iliyonunua kutoka kwa wakulima, iliingia kwenye ufilisi mwaka 2020. Tena hempu inayovuka kikomo cha THC, hata kwa sababu ya mbegu mbaya, huweza kuteketezwa, na hasara ni ya aliyepanda.

Baada ya kusoma yote haya, nchi moja tu naiona imejaribu kumweka mkulima mdogo katikati. Morocco ilipitisha sheria namba 13-21 mwaka 2021 na kuunda wakala wa kusimamia zao, ANRAC. Kilimo kiliruhusiwa kwa matumizi ya dawa na viwanda, tena katika mikoa mitatu ya Rif pekee, Al Hoceima, Chefchaouen na Taounate, kwa wenyeji wa huko walio ndani ya ushirika. Mavuno halali ya kwanza, mwaka 2023, yalikuwa tani 294. Agosti 2024 Mfalme Mohammed VI aliwasamehe watu 4,831 waliokuwa wamehukumiwa, wanashtakiwa au wanatafutwa kwa kulima bangi, ili waweze kuingia kwenye mfumo badala ya kujificha. Mfumo wao una dosari: malipo huchelewa na magendo bado ni makubwa kuliko soko halali. Lakini walianza na swali sahihi, la nani atakayekuwa na haki ya kulima.

Swali hilo sijalisikia likiulizwa kwa uzito hapa. Mjadala wetu unazunguka kati ya "ni dhambi" na "ni dola". Mimi nasimama hapa: leo sioni hesabu inayomfanya mkulima wa Bukundi atajirike na bangi halali, na naona hesabu nyingi zinazomfanya apoteze ardhi kwa mwenye leseni au maisha yake gerezani kwa sheria iliyopo. Anayemshawishi apande mbegu sasa, akimwambia sheria inakaribia kubadilika, anamtuma abebe hatari ambayo yeye mwenyewe haibebi.

Fedha ambayo soko la bangi linamlipa mtu wa maabara na mtu wa ithibati, Meatu inaifahamu kwa jina lingine. Tangu mwaka 1994, bioRe Tanzania yenye makao Mwamishali imekuwa ikifanya kazi na wakulima wa pamba hai, wasiotumia mbolea za viwandani wala viuatilifu vya kemikali, wanaopokea nyongeza juu ya bei ya soko. Pamba yao, kupitia kampuni mama ya Remei ya Uswisi, ilifika kwenye maduka ya Coop ikiwa nguo za Naturaline. Kila shamba linakaguliwa, kila gunia linajulikana limetoka kwa nani. Ule ufuatiliaji ambao mnunuzi wa bangi ya dawa anaudai, mzee wa Meatu ameshaufanya kwa zaidi ya miaka 30 na zao ambalo halimpeleki mahakamani. Mkoa umeshazungumzia pia kiwanda cha vifaa tiba vya pamba, bandeji na pamba za hospitali, bidhaa ambazo Bohari ya Dawa hununua kutoka nje mwaka baada ya mwaka. Soko hilo la dawa lipo, lipo nchini, na mnunuzi wake mkuu ni serikali yenyewe.

Diwani au mbunge anayetaka kuwapigania vijana wa Simiyu ana kazi hapo: aulize mitambo ya vifaa tiba imefika wapi, nyongeza ya pamba hai kwa nini haijafika kwa wakulima wengi zaidi, na malipo ya AMCOS yanachelewa kwa sababu gani. Na siku muswada wowote wa bangi ya dawa ukifika Dodoma, afungue kwanza kifungu cha leseni, asome ada yake, ukubwa wa chini wa shamba linaloruhusiwa, na kama ushirika wa kijiji umetajwa hata mara moja.